Anza na daftari la mwenzako

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza filamu,

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na ajali ya basi, mauaji na harusi. Sikupata fedha za kuipiga picha, na miaka miwili ikapita sijashika kamera. Aliyenitoa hapo ni Abbas Kiarostami, mwongozaji wa filamu wa Iran.

Katika filamu yake ya 1987, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? (kwa Kiingereza Where Is the Friend's House?), mtoto Ahmad anabeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya. Mwalimu ameshaapa: mwenzake huyo akija tena bila daftari, anafukuzwa shule. Basi Ahmad anakimbilia kijiji cha pili kumtafuta, nyumba yenyewe haijui. Kisa chote ndicho hicho, na roho inakuwa juu mpaka mwisho. Itazame mara mbili. Ya pili, waangalie watu wazima tu. Mama anamwambia afanye kwanza kazi ya shule, papo hapo anamtuma huku na kule. Babu anamtuma sigara ilhali anazo, ati amfunze utii. Hakuna mbaya hata mmoja, na wote wanamkwamisha.

Jafar Panahi, aliyekuwa msaidizi wake, alianza hivyo hivyo mwaka 1995: binti mdogo, samaki wa Mwaka Mpya, noti iliyotumbukia. Skripti aliiandika Kiarostami, na tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likaipa Kamera ya Dhahabu, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Kiarostami alitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, 1997. Panahi akaitwaa 2025.

Utasikia watu wakisema udhibiti wa serikali ndio uliowapa watengeneza filamu wa Iran ubunifu. Usikubali upesi. Ni kweli wengi walikimbilia visa vya watoto kwa sababu mwanamke lazima avae hijabu kwenye filamu za huko hata akiwa chumbani kwake. Lakini Panahi alipigwa marufuku kutengeneza filamu mwaka 2010, na gerezani amelala.

Kiarostami alifika hata Uganda, kwa filamu ya 2001 kuhusu yatima wa UKIMWI. Alikuja kukagua mazingira tu, na vikamera vidogo vya dijitali; picha hizo hizo zikawa filamu. Usiku hotelini umeme ukakatika. Akaliacha giza kwenye skrini dakika kadhaa, tunasikia sauti tu.

Wiki hii andika hivi: kitu kimoja kilichopotea, mtu mmoja anayekihitaji kabla ya magharibi, na wanne wa kumchelewesha, kila mmoja na sababu yake njema. Mtaa uwe wa kwenu, na wa kuigiza awe jirani.