Jibu: Projekta au runinga ya inchi 75?

Ndugu, umeshajibu nusu ya swali lako uliposema sebule ina madirisha mawili makubwa na watoto hutazama katuni mchana. Chukua runinga.

Tatizo la projekta si ubora wake, ni mwanga wa chumba. Haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale tu isipotupa mwanga. Kwa hiyo jua likigonga skrini nyeupe, usiku wa kwenye filamu unageuka kijivu, hata ungenunua yenye lumeni (kipimo cha mwanga) nyingi. Mimi niliwahi kukaidi hili. Nikaishia kutundika mablanketi dirishani kila Jumamosi mpaka nyumbani wakanichoka.

Kwa umbali wa kukaa wa mita 3 uliotaja, inchi 75 inatosha vizuri. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha kipimo cha mshazari (kona hadi kona ya skrini) kwa 1.6, inakuja kama mita 3 hivi. Ukipenda picha ikumeze kabisa, zidisha kwa 1.2, na hapo utahitaji inchi 100.

Kuhusu OLED, aina ya skrini isiyo na taa za nyuma: kila nukta hujizima yenyewe, ndiyo maana weusi wake hauna mpinzani gizani. Ila kwa sebule yako ningechagua LCD, aina inayomulikwa kwa taa za nyuma, yenye taa ndogondogo zinazozimwa sehemu kwa sehemu. Mwanga wake huwa mkali zaidi mchana, na nembo ya chaneli ya katuni haitaacha alama ya kudumu kama inavyoweza kwenye OLED.

Spika je, unazo tayari?