Kwa anayeanza kusoma vitabu vya historia ya China

Wengi wetu China tuliijua kwanza kwenye vibanda vya video, ndipo baadaye tukakutana nayo vitabuni. Ukiingia na hamu hiyo utavutwa na buku nene linaloanza na wafalme wa kale na kuishia leo. Liache kwanza. Tangu Qin waiunganishe nchi mwaka 221 KK, koo za kifalme zimepokezana zaidi ya miaka elfu mbili, na ukizisoma mfululizo bila mtu wa kumfuata, ukifika kwa Song umeshawasahau Han.

Anza na tawasifu. Mtafute mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, maana maisha yake peke yake yatakupitisha kwenye kuanguka kwa ufalme wa Qing mwaka 1912, vita na Japani kuanzia 1937, ushindi wa Wakomunisti 1949, njaa kuu ya 1959 hadi 1961, na Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976. Tarehe hizo ziandike kwenye karatasi, uichomeke ndani ya jalada.

Utaihitaji, kwa sababu wazee wa kule hawakuhesabu miaka kama sisi. Kwa desturi yao mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja, na anaongezewa mwingine kila mwaka mpya unapoingia, si siku aliyozaliwa. Puyi, mfalme wa mwisho, alizaliwa Februari 1906 na akakalishwa kwenye kiti cha enzi Desemba 1908: kwetu ni mtoto wa miaka miwili na miezi, kwao ni wa mitatu. Vilevile ukikuta "mwaka wa 26 wa Jamhuri", ambayo mwaka wake wa kwanza ni 1912, jumlisha 1911 upate 1937. Na usishangae Peking na Beijing kuwa mji mmoja, wala Canton na Guangzhou. Unapotafuta kitabu maktaba, jaribu tahajia zote mbili.

Kabla hujagusa sura ya kwanza, soma dibaji na uangalie mwaka wa kuchapwa. Hapa wageni wengi hupita haraka, na ndipo penyewe. Kumbukumbu za Puyi zilianza kama maungamo aliyoandika akiwa mfungwa wa Wakomunisti huko Fushun, akasaidiwa na mhariri, zikatoka mwaka 1964. Je, ni uongo? Hapana, kuna mambo ya ndani ya kasri ambayo huyapati kwingine. Lakini kila anapojilaumu, kumbuka nani alikuwa akisoma rasimu. Upande wa pili nao una bei yake. Aliyehamia ng'ambo na kuandikia wasomaji wa huko anajua wachapishaji wanapenda mateso, basi siku za kawaida za soko na shule zinafyekwa. Mimi hupenda kusoma viwili kwa pamoja, kimoja cha aliyebaki na kimoja cha aliyeondoka, kuhusu miaka ileile.

Kwenye vitabu vya uhamiaji, jihadhari na majina ya ukoo. Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina mwaka 1882, na haikuifuta hadi 1943. Katikati hapo, mwaka 1906, tetemeko na moto wa San Francisco viliteketeza rejesta za mji. Wachina wengi wakadai wamezaliwa hapo, na kwa hiyo wana haki ya kuleta watoto. Nafasi hizo zikauzwa. Kijana wa Guangdong alinunua karatasi za ukoo usio wake pamoja na kijitabu cha majibu, akakikariri melini, na kukitupa baharini kabla ya kufika. Kwenye kituo cha wahamiaji cha Angel Island, kisiwa cha ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940, maofisa walimhoji: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Jirani wa safu ya pili ni nani? Kisha wakamuuliza "baba" maswali yaleyale. Waliokuwa wakisubiri walichonga mashairi kwenye kuta za mbao za bweni, na mengi yanasomeka hadi leo. Kwa hiyo unaposoma mjukuu akisimulia ukoo wake, ujue huenda jina la juu ya jalada lilinunuliwa, na huenda babu hakumwambia mtu.

Sanaa usizifanye kiburudisho cha mwisho. Soma kuhusu opera ya Beijing huku ukitazama video: uso mwekundu ni wa mwaminifu kama jemadari wa kale Guan Yu, mweupe ni wa mjanja kama mtawala wa enzi hiyohiyo, Cao Cao. Halafu mfuate Mei Lanfang, mwanamume aliyesifika kwa kuigiza wanawake. Wajapani walipotwaa alikokuwa akiishi alifuga masharubu ili asiweze kupanda jukwaani, akarudi vita vilipokwisha mwaka 1945. Masharubu hayo yatakueleza uvamizi kuliko kurasa nyingi za majenerali. Ukisoma wasanii waliokuja baada yake, angalia wanavyopita juu ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakati michezo ya kale ilipopigwa marufuku na jukwaa likaachiwa kazi chache tu zilizoidhinishwa. Wengine hiyo miaka kumi wanaimaliza kwa aya moja.

Mbinu hizihizi zitumie na nyumbani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto. Ukikutana na kumbukumbu za fundi wa Kichina, nenda nazo Mlimba au Makambako kwa mzee aliyeshika sururu wakati ule. Mwamkie, mpe nafasi aanzie anapotaka, na usimsomee kwanza alichoandika mwenzake. Muulize walikula nini, walilala wapi, nani aliwatafsiria. Tarehe utazilinganisha baadaye.