Pesa nimerudisha, mbona bado najificha?

Binti yangu wa Malaba,

Unaniandikia kwamba ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama kanisani, ukachukua shilingi 600,000 mtoto alipolazwa, ukanyamaza mpaka hesabu ikagoma. Ulipovuna mahindi ulilipa zote, na kikundi kikakaa kikakusamehe. Lakini kwaya umeacha, Meza ya Bwana huisogelei, na mwenzako mmoja anakuita Yuda. Unauliza: uhamie Jinja?

Ulikosa, mwanangu, tena sana. Mtoto mgonjwa alikuwa sababu ya kuomba mkopo, si ya kujichukulia. Hilo umeliungama, umelilipa. Kinachokutesa sasa ni kitu kingine.

Tulitazame hilo jina la Yuda, maana limekuchoma. Usiku uleule Yuda alipomsaliti Bwana, Petro naye alimkana mara tatu. Soma Mathayo 27: Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha. Alirudisha vyote! Kisha akaenda zake peke yake, akajinyonga. Petro hakuwa na cha kurudisha. Alilia kwa uchungu, lakini hakuwakimbia wenzake, na akiwa nao kwenye uvuvi ndipo Yesu alipomkuta. Petro alikuta moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiota alipomkana. Bwana akamlisha kwanza, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akampa kazi: kondoo wa kuchunga.

Kwa hiyo Jinja siiungi mkono. Huko utakuwa mgeni mwenye siri, na aibu hunenepa kwa siri. Na ikiwa wazo la kufa litakupitia hata mara moja, mwambie mtu siku hiyohiyo.

Ushuhuda mbele ya kanisa zima? Naijua desturi yetu Uganda tangu uamsho wa miaka ya 1930: Walokole huungama hadharani, na wengi wamepona hivyo. Lakini wewe uliowakosea umeshawaambia, na waliobaki huwadai wala hawakudai. Ngoja mpaka uweze kumtaja Yesu kuliko unavyozitaja hizo pesa.

Jumapili hii mwombe Mama Mchungaji akae nawe, msogee Mezani pamoja. Kwaya urudi. Uhazina usiuombe kwa sasa, ila kikundi kikitaka sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu kama vikundi vingi vinavyofanya, uwe wa kwanza kukubali.

Huyo anayekuita Yuda nenda kwake, Mama Mchungaji akusindikize. Usijitetee. Muulize zile pesa zilipokosekana yeye alipatwa na nini. Huenda ndio muhula aliotegemea akiba hiyo kwa karo, mwanawe akarudishwa nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Senga (shangazi) wako