Mtamba wangu anaishiwa nguvu mita 200 za mwisho: nimwongezee mazoezi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kayole. Tangu mwaka jana nacheza mchezo wa kufuga na kukimbiza farasi wa mbio kwenye intaneti, mimi na wenzangu wanne. Nina mtamba, yaani farasi jike mchanga, wa miaka miwili, jina lake Umande. Namkimbiza falongi 4 kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mara nyingi anamaliza kwa sekunde 47, herufi H. Kipimo cha utimamu kimefika 96 kwa 100, lakini nishati haipiti 60. Ameshindana mara tatu, zote falongi 6, na kila mara anaongoza halafu anazimika. Mara ya mwisho alikuwa wa saba kati ya wanane. Vipande vyake vya robo maili vilikuwa 21.8, 23.6 na 28.2. Mshindi alimaliza kwa 1:11.8. Sasa ripoti ya zizi inasema anabakisha chakula, na Ijumaa iliyopita alitoa 49. Wenzangu wanasema nimwongezee siku ya nne ya mazoezi na nimnunulie vikinga macho. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Siku ya nne usiiongeze. Hata hizo tatu zifute leo kabla hujalala, kisha urudi hapa tuzungumze. Nimefurahi sana kwamba umeleta vipande vya saa, kwa sababu ugonjwa wote wa Umande unaonekana humo.

Anza na hesabu. Falongi moja ni kama mita 201. Sekunde 47 kwa falongi 4 ni sekunde 11.75 kwa kila falongi, zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mshindi aliyekuacha alikwenda falongi 6 kwa sekunde 71.8, yaani karibu 12 kwa kila falongi. Sasa angalia: mtoto wako asubuhi anakimbia kwa kasi kuliko ile ya mshindi siku ya mashindano, tena mara tatu kwa wiki. Ni kweli kwamba kazi ya asubuhi hupimwa farasi akiwa tayari yuko mwendoni, hivyo saa yake huwa nyepesi kuliko ya mbio zinazoanzia mlangoni, yaani kwenye vizimba farasi wanakosimama kabla ya kuachiwa. Hata ukilitoa hilo, bado unamshindanisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, halafu unampeleka mashindanoni akashindane tena.

Halafu kuna ile herufi. Kwetu uwanja wa Ngong, ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu 1954, tunakimbiza juu ya nyasi. Mchezo wako, kwa jinsi unavyoandika kazi za asubuhi, unafuata desturi ya Marekani, ambako mbio nyingi ni za udongo na wapima saa huweka herufi baada ya muda. B ni farasi aliyekwenda kwa hiari yake, mpandaji ametulia. H ni farasi aliyesukumwa kwa mikono. D amehimizwa kwa nguvu zote. Ukiona g, kazi ilianzia mlangoni, na muda wake huwa mzito zaidi. Wachezaji wengi husoma muda na kuiruka herufi. Mimi husoma herufi kwanza. Sekunde 49 zenye B zinanifurahisha kuliko 47 zenye H, kwa sababu za kwanza zinaniambia kuna kitu kimebaki ndani.

Tuje kwenye vipimo viwili vinavyokuchanganya. Wewe unakaa Kayole, kwa hiyo nitatumia mfano wa tangi la maji juu ya nyumba. Utimamu ni ukubwa wa tangi. Nishati ni maji yaliyomo sasa hivi. Umejenga tangi kubwa kweli, lita 96, na hilo nakupongeza. Lakini unafungulia bomba kila baada ya siku mbili wakati maji ya mgao hayajafika. Mchezo haujabuni jambo hili. Farasi wa kweli akikimbia kwa nguvu anatumia sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na kuirudisha kunamchukua siku mbili hadi tatu, polepole kuliko binadamu. Jumatatu hadi Jumatano ni saa 48. Umande hajawahi kujaa tangu umnunue.

Ripoti ya kubakisha chakula ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Nimeamka miaka mingi kabla ya jua kwenda zizini, na mtu wa kwanza ninayemsalimia ni saisi, mtunza farasi, kwa kuwa yeye ndiye amelala karibu na farasi. Simuulizi habari za usiku. Namuuliza, "Ndoo iko vipi?" Farasi mzima wa kilo 450 hula kila siku kama asilimia 2 ya uzito wake au zaidi kidogo, nyasi kavu na nafaka vikijumlishwa, na akiwa na afya ndoo ya nafaka huilamba mpaka inang'aa. Saisi akiniinamishia ndoo nikaona shayiri imebaki chini, imelowa mate, imechaguliwachaguliwa, siku hiyo farasi huyo hatandikwi. Anatembezwa kwa kamba nusu saa, anapimwa joto, anarudi ndani. Mara nyingi chakula hubaki siku kadhaa kabla saa ya mazoezi haijaharibika, na kwako imekuja vivyo hivyo: kwanza chakula, halafu 47 ikawa 49. Waliotengeneza mchezo huo wanawajua farasi. Heshimu sentensi hiyo ya zizi kuliko namba yoyote iliyo kwenye ukurasa.

Nikueleze pia kuhusu mifupa, maana michezo mingi ya aina hii hupandisha hatari ya kuumia kadiri nishati inavyoshuka, na miaka miwili ndio umri wa maumivu ya muundi. Muundi ninaousema ni ule mfupa mrefu wa mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo. Niliwahi kulea mtamba mwekundu aliyekuwa na moyo wa ajabu. Nilikuwa bado mgeni katika kazi, na kila alipofanya vizuri nilimwongezea. Asubuhi moja nikapitisha kiganja sehemu ya mbele ya muundi, kutoka gotini kushuka, kama ninavyofanya kwa kila farasi. Mfupa ulikuwa na joto, umevimba kidogo kama umepakwa nta, na nilipobonyeza kwa kidole gumba aliuvuta mguu na kupiga kelele. Saisi aliyekuwa ameshika kamba alinitazama, hakusema neno. Mtamba yule alikaa miezi bila kukimbia, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulielewa nusu. Husikia habari za muundi wakaamua kumpa mtoto mwendo wa polepole tu, maili kwa maili. Hilo nalo halimsaidii. Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoupata, na mzigo wa shoti kamili, mbio za kasi yote, haufanani na wa mwendo mwepesi. Farasi aliyefundishwa polepole tu akifika siku ya mbio anakutana na kasi ambayo mfupa wake haujawahi kuionja. Kinachohitajika ni kasi kidogo, fupi, inayorudi mara kwa mara, na mapumziko katikati. Falongi moja ya kasi inamfundisha mfupa. Falongi 4 za H mara tatu kwa wiki zinauvunja kabla haujamaliza kujijenga.

Kwa hiyo kwa Umande ningefanya hivi. Siku 10 za kwanza weka kutembea tu, na kuanzia siku ya sita umwongezee mwendo wa telki, yaani kukimbia taratibu. Usiweke saa kabisa. Utimamu utashuka, pengine mpaka 88 au chini zaidi, na utaogopa, uache ushuke. Usitoke kwenye hatua hii mpaka ripoti ya chakula iwe safi siku tatu mfululizo na nishati ipite 85. Hata ikichukua siku 14, subiri.

Baada ya hapo, wiki tatu za shoti nyepesi, maili moja hadi moja na nusu, kila falongi kwa sekunde 18 hadi 20, siku nne kwa wiki. Katika siku mbili kati ya hizo, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, mwache aongeze kasi katika falongi ya mwisho tu: wiki ya kwanza sekunde 15, ya pili 14, ya tatu 13. Sekunde 15 kwa falongi ni maili moja kwa dakika 2, kipimo cha zamani cha wakufunzi, na farasi mchanga anayekitimiza huku shingo imetulia na masikio yako mbele yuko tayari kwa zaidi. Siku inayofuata kila kazi ya kasi, kutembea tu. Jumapili apumzike.

Ndipo urudi kwenye saa, mara moja kwa wiki. Falongi 3 kwa sekunde 38, B. Wiki inayofuata falongi 4 kwa 50, B. Kisha falongi 4 kwa 49, bado B, na moja kati ya kazi hizi uianzishe mlangoni ili asisahau kutoka. Kazi ya mwisho iwe siku sita kabla ya mbio, falongi 3 kwa 37, basi. Mchezo ukikulazimisha kuchagua aina za mazoezi badala ya muda, chagua daraja moja chini ya unalotamani. Na mbio zako zipishane kwa wiki nne. Nasema wiki nne nikijua wenzako wanaingiza farasi wao kila baada ya siku 10, waache.

Sasa siku yenyewe ya mbio. Vipande vyako ni 21.8, 23.6, 28.2, jumla 73.6. Ulipitwa kwa sekunde 1.8, na kwa desturi ya kuhesabu moja ya tano ya sekunde kuwa urefu wa farasi mmoja, huo ni urefu wa farasi tisa. Tofauti kati ya robo yako ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya sekunde 6. Bila shaka umemwandikia jokii, mpandaji wake, amri ya kuongoza tangu mlangoni. Ibadilishe: akae wa tatu au wa nne, ubavuni mwa wanaoongoza, na asiulizwe lolote mpaka kona imalizike. Ukimpata akienda 22.8, halafu 24, halafu 25, jumlisha mwenyewe: 71.8, saa ileile ya mshindi wako, bila kwenda popote kwa kasi kuliko aliyokwisha kuionyesha. Amegawa vizuri tu alichonacho.

Kama unataka kuona mgawanyo huo ukifanywa na farasi mkubwa kuliko wote ninaowapenda, tafuta vipande vya Secretariat katika Kentucky Derby ya 1973. Ni maili moja na robo, kwa hiyo kuna robo tano: sekunde 25.2, kisha 24, kisha 23.8, kisha 23.4, kisha 23. Kila robo aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia, na jumla yake, 1:59.4, ingali rekodi ya mbio hizo. Huyo huyo, mbio zake za kwanza kabisa, tarehe 4 Julai 1972, alimaliza wa nne. Kwa hiyo usimuuze Umande kwa sababu ya mbio tatu.

Vikinga macho usinunue kwa sasa. Vinamsaidia farasi anayetazama huku na huku au anayevutiwa na waliomzunguka. Umande hana shida ya kutazama, anaongoza mpaka anaishiwa, na vikinga macho aghalabu humwongezea farasi wa namna hiyo hamu ya kwenda mbele mapema. Tena ukibadilisha mazoezi, amri ya jokii na vifaa kwa wakati mmoja, hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Badilisha mazoezi kwanza. Amri ya jokii inaingia siku ya mbio. Mengine yakae.

Jambo dogo lakini liangalie: fungua ukurasa wake wa kuzaliwa. Kwa kalenda ya kaskazini ya dunia farasi wote wa mbio huongezwa mwaka tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei. Kama Umande ni wa Aprili au Mei, wapinzani wake wa Februari wamemzidi miezi miwili mitatu ya kukua, na katika umri huu miezi hiyo inaonekana. Ikiwa ndivyo, usimwingize tena kabla ya mwisho wa mwaka, na kila hatua niliyotaja uiongezee wiki moja.

Nunua daftari la shilingi chache uandike kila siku vitu vinne: alichofanya, herufi, nishati ya asubuhi iliyofuata, na hali ya ndoo. Baada ya ile kazi ya kwanza ya falongi 3, niandikie tena na uninakilie mistari hiyo ya wiki nzima, nikuambie kama tuendelee na falongi 4 au turudie 3.