Kabla hujajaza kombi kwenye selform

Wadogo zangu wa kidato cha nne, kabla hujamsikiliza mtu yeyote kuhusu kombi, yaani masomo matatu utakayosoma kidato cha tano na sita, mimi nikiwemo, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kinatoka kila mwaka na kinapatikana mtandaoni. Tafuta kozi unayoitamani, soma sifa za kujiunga, ndipo urudi kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kombi na shule. Wengi huchukua kombi yenye jina kubwa, halafu baada ya kidato cha sita wanaanza kuhangaika na kozi ya kuwapokea.

Linaloniuma zaidi ni la CBG. Mtu anaikimbia Fizikia, anachukua Kemia, Baiolojia na Jiografia akiamini atasomea udaktari wa binadamu kwa kuwa Baiolojia ipo. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Hata upate A tatu za CBG, haikusaidii hapo. Kama moyo wako uko kwenye kilimo, misitu au mazingira, ichukue bila wasiwasi, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine utapata pa kwenda.

PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) nayo ina mtego wake. Ukibadili mawazo ukataka uhandisi wa ujenzi au umeme, utaulizwa Hesabu za advance, zile kamili za kidato cha tano na sita, na BAM, hesabu nyepesi zinazosomwa kama somo la ziada, haihesabiki kama prinsipo, yaani ufaulu wa somo kuu. Hata hivyo BAM usiidharau, maana zipo kozi zinazompokea mtu wa PCB kwa sharti kwamba ameifaulu. Nawaona wengi wakiiacha hadi wiki ya mwisho, na inasikitisha.

Kuhusu Hesabu nitasema wazi: ukiiweza, usiiache. PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) inakupeleka kwenye uhandisi, EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) kwenye uchumi, takwimu na uhasibu. Lakini Hesabu za advance hazikaririki. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba na kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo muda upo. Kaa na aljebra na trigonometria mpaka zikutoke mkononi bila kufikiri, kisha onja kalkulasi kidogo, yaani differentiation na integration. Kalkulasi humwangusha mtu ambaye aljebra yake imelegea.

Pia ulizia maabara ya shule unayoiomba. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina pepa ya tatu ya vitendo, na mtu wa PCB anazibeba zote. Titresheni, lile jaribio la Kemia, hujifunzi kwa kuangalia ubaoni.

Digrii nyingi zinataka angalau prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili, ila masomo lazima yawe yale yanayotakiwa. Ndiyo maana B tatu kwenye masomo yasiyohusika zinaweza kukuacha nje.

Na kama unajua unataka ufundi, diploma ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha inaanzia kidato cha nne. Mzazi akisema huko ni kwa walioshindwa, mweleze kwa upole kwamba diploma hiyo nayo inakufikisha kwenye digrii ya uhandisi.