Maswali na majibu: Pikipiki, jangwa na sanduku la dawa

Mimi na mwenzangu tunatoka Marsabit kwenda Loiyangalani kwa pikipiki mwezi ujao. Sanduku la dawa tulijaze nini? (Msafiri, Meru)

Anza na kinachoua upesi, yaani damu. Beba mkanda wa kukazia wenye kijiti cha kuzungusha, bendeji pana, shashi tele, glovu na mkasi unaokata jaketi la ngozi. Mkanda hufungwa juu ya jeraha la mkono au mguu, kama vidole vitatu hivi, si juu ya goti wala kiwiko. Kaza hadi damu isimame, andika saa, usiulegeze hadi hospitali. Majeruhi atapiga kelele, wewe kaza. Fanya mazoezi nyumbani kwa mkono mmoja, taa zikiwa zimezimwa. Mimi mara ya kwanza nilishindwa kuchana nailoni iliyoufunga, na hapo nilikuwa sebuleni.

Ongeza kanga ya kuning'inizia mkono uliovunjika, panadol na pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini). Aspirini iache, huzuia damu kuganda. Na mkanda ukae mfukoni mwako, maana pikipiki ikitumbukia korongoni huenda na sanduku lake.

Mtu ameanguka, hazungumzi. Nimvue helmeti?

Akipumua vizuri, mwache nayo. Fungua kioo, shika kichwa kisitikisike. Huenda shingo imevunjika. Asipopumua, ivueni mkiwa wawili: mmoja ashike taya na kisogo, mwingine aivute taratibu. Shingo iliyonyooka haimfai maiti.

Nimeungua kwa ekzosi. Dawa ya meno inasaidia?

Haisaidii. Wala siagi, wala yai. Maji baridi yatiririke dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Ukiwa jangwani Chalbi na lita chache za kunywa, lowesha shashi uwe unabadilisha. Usimalizie maji yote kwenye muundi.

Nimelipia ndege ya wagonjwa. Mafunzo ya nini tena?

Kadi ya AMREF Flying Doctors ni nzuri, ila ndege inatoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na inataka mahali pa kutua. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu huisha kwa dakika chache. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha, St John Ambulance pia. Kabla ya kulipa, uliza kama utapiga magoti ubonyeze kifua cha mwanasesere, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka jasho likutoke. Wakisema ni slaidi tu, tafuta kwingine.