Maswali yenu: Kiwewe kinatibika, hata huku kwetu

Barua za mwezi huu zinafanana. Ajali, ujambazi, vita, ubakaji, na baada yake usingizi unaokataa kurudi. Nimechagua tano.

Shikamoo mama. Mume wangu ni dereva wa basi. Miezi minne iliyopita alipata ajali na abiria walifariki. Majeraha yamepona, ila usiku anaamka akipiga kelele, honi ikilia anaruka, na barabara ile hataki hata itajwe. Ndugu wanasema amechezewa. Nifanyeje? (Mama wa wawili, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Unayoyaeleza yanajulikana vizuri: ni kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Tukio linamrudia kana kwamba linatokea sasa hivi. Anakwepa kila kinachomkumbusha. Mwili wake unakesha ukingoja hatari. Hizo ndizo dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani linaziangalia katika mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022.

Siku za mwanzo watu wengi huwa hivyo, kisha hupoa wenyewe. Takriban asilimia 70 ya watu duniani hupatwa na tukio zito la namna hii maishani mwao, na kati yao ni kama asilimia 5.6 tu wanaobaki na ugonjwa. Lakini miezi minne si siku za mwanzo. Mpeleke hospitali ya mkoa na muulizie huduma ya afya ya akili. Mkitaka kuomba, ombeni, mradi kliniki isiachwe.

Nina ombi moja kwa hao ndugu. Aliyekuwa ameshika usukani siku ile anajihukumu kila usiku. Maneno ya kuchezewa yasisemwe mbele yake.

Tulivamiwa na majambazi kazini. Kesho yake aliletwa mshauri, tukakalishwa duara, kila mmoja akalazimishwa kusimulia alichokiona. Nilitoka pale nikiwa hoi kuliko nilivyoingia. Ndivyo inavyotakiwa? (Karani, Mwanza)

Hapana, kaka, na pole. Njia hiyo ilienea sana zamani, watu wakiamini kwamba kutoa yote mapema kunazuia ugonjwa. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, walipokusanya majaribio yaliyofanywa, waliona kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kitu. Huko Uingereza, majeruhi wa ajali za barabarani waliokuwa na dalili kali tangu mwanzo na wakapitishwa kwenye kikao hicho walikuwa na hali mbaya zaidi miaka mitatu baadaye kuliko wenzao walioachwa.

Siku za mwanzo mtu anahitaji mahali salama, maji na chakula, habari za watu wake, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, asikilizwe. Asipotaka, asichokonolewe.

Ila usielewe kwamba kunyamaza ndiyo dawa. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili wa Kenya, na wenzake waliwachunguza maelfu ya Wakenya na kukuta zaidi ya theluthi moja wakiwa na dalili zinazokaribia ugonjwa huu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo ni kutozungumza na rafiki kuhusu mlipuko, pamoja na ukata uliofuata. Rafiki uliyemchagua mwenyewe, saa uliyoichagua mwenyewe, ni tofauti kabisa na duara la kulazimishwa.

Duka la dawa wananipa diazepamu nilale. Ni wiki ya tatu tangu nibakwe. Niendelee? (Msomaji, Kisumu)

Dada, pole kwa yaliyokupata. Kosa si lako hata kidogo. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo, yaani za kutuliza na kuleta usingizi, zisitumike kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Haziponyi, na huzoeleka upesi. Usizikatishe ghafla kama umezinywa kila siku. Mwone daktari azipunguze taratibu. Muda wa kukinga VVU, yaani saa 72, umepita, lakini vipimo, ujauzito na matibabu mengine bado vinashughulikiwa, hivyo nenda wiki hii hii.

Ushauri nasaha si mambo ya Wazungu wenye muda na fedha? Mtu wa kijijini asiyejua kusoma utamsaidia vipi kwa maneno? (Mzee wa mtaa, Songea)

Shikamoo mzee. Swali lako wataalamu wengi waliliuliza hivyo hivyo, na majibu yametoka kwetu.

Mashariki ya Kongo, wanawake walionusurika ukatili wa kingono walifundishwa kwa vikundi kuyapima mawazo yanayowatesa, kama lile la "ni kosa langu". Wengi hawakusoma, kwa hiyo mafunzo yalirahisishwa ili washike kichwani. Waliowahudumia walikuwa Wakongo wenzao waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa 2013: miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 tu ndio waliokuwa bado na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kwa kiwewe chenyewe matokeo yalikaribiana na hayo.

Kule Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wakimbizi walifunzwa kuwatibu wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Mgonjwa husimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu utoto, mema na mabaya, na mabaya hupewa mahali na wakati wake. Nadhani hapo ndipo penye nguvu: hofu inayovamia bila tarehe inapata tarehe, na tarehe hiyo imekwisha kupita. Baadaye, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, ni asilimia 37.

Kuna pia watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi na Bungoma, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Washauri wao hawakuwa na shahada za saikolojia. Tiba ya mazungumzo iliwasaidia wa Bungoma, mjini na vijijini, na wa vijijini Moshi. Moshi mjini haikuizidi huduma ya kawaida, na baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki Kenya tu. Nakutajia na hilo, mzee, kwa sababu tiba inayopimwa kwa haki huonyesha na pale inaposhindwa. Msimamo wangu ni huu: wahudumu wa afya ya jamii wa Songea wanaweza kufunzwa, wakisimamiwa.

Mama alinusurika mauaji ya kimbari ya 1994 Rwanda akiwa na mimba yangu. Kila Aprili anabadilika. Nimerithi kiwewe chake? (Binti, Brussels)

Watafiti waliwapima akina mama kama wako na watoto wao, wakaona tofauti katika alama zinazoongoza kazi ya jeni inayohusika na homoni za msongo. Ila waliopimwa walikuwa wachache, na tofauti hiyo haitabiri utakavyoishi. Usijihesabu mgonjwa kwa ajili yake. Aprili ikikaribia, muulize mama anataka kwenda kwenye kumbukumbu au kubaki nyumbani, na nani angependa awe naye.